Vyombo vya Meza ya Direkta

Barthélemy alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo kwenye mstari wa nyumba za kambi hakuonekana mwanamume isipokuwa mgonjwa au aliyefukuzwa. Mkono wa kuume alikuwa ameuficha ndani ya shati. Pétronille, mkewe, alikuwa nje anatwanga sombe, majani ya mihogo. Aliinua macho akaona damu imeshuka mpaka kwenye mkanda wa suruali.

"Funga mulango, Mama Valérie," alisema mumewe, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. "Funga kwanza, kisha utalia."

Pétronille hakulia. Alifunga mlango, akamketisha kitandani, akafungua kitambaa kilichokuwa kimegandamana na kidonda. Patasi ilikuwa imeingia chini ya kidole gumba, ikateremka mpaka karibu na kifundo. Ndani mlionekana kitu cheupe kama uzi wa mkonge uliokatika.

"Kunja kidole."

Barthélemy alikunja vidole vinne. Gumba lilibaki limesimama peke yake.

"Twende kwa dispanseri."

"Siendi."

"Papa Valérie, huu mukono iko mubaya."

"Njo maana siendi. Unataka banifanye sawa Faustin?"

Faustin alikuwa mpasuaji wa mbao, jirani wa nyumba ya tatu. Mwaka uliopita gogo lilimwangukia likaponda vidole vyake. Alitibiwa vizuri, hakuna aliyeweza kusema hakutibiwa. Alilala hospitali majuma sita, akarudi amefungwa bendeji nyeupe, na Jumatatu iliyofuata akapewa barua ya kuachishwa kazi. Nyumba yake ilipata mtu mwingine kabla mkewe hajavuna mihogo aliyopanda nyuma ya jiko. Mke aliomba aruhusiwe kurudi kuichimba. Aliambiwa mihogo ni ya nyumba, na nyumba ni ya kampuni.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya kuchimba mawe ya bati katika msitu wa Walikale, mwendo wa siku moja kutoka Mubi. Ilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo wafanyakazi hawakusumbuka nalo. Wao waliiita Kofia. Alama yake ilikuwa mlima mweusi wa pembetatu, chini yake mistari mitatu ya maji, na duara jekundu likizunguka vyote. Kwa mbali ule mlima juu ya maji ulifanana na kofia ya mzungu. Ilipakwa kwenye milango ya malori, ikapigwa chapa kwenye magunia, kwenye sepetu, na kwenye kibati ambacho kila mfanyakazi alivaa shingoni.

Na siku mbili tu kabla ya patasi kuteleza, karani Hubert alikuwa amemletea Barthélemy, seremala wa kampuni, karatasi kutoka biro, yaani ofisini. Direkta wa Bukavu angefika baada ya majuma matatu. Alitaka aone vyombo vya meza ya kuandikia, vimetengenezwa hapa hapa kwa mbao za hapa, vyenye sura ya kampuni: cha kuwekea kalamu, cha kusimamishia barua, cha chupa ya wino, kibao cha kushikia karatasi ya kunyonya wino, na kizito cha kuzuia makaratasi yasipeperuke. Akivipenda, atelié, karakana ya mbao ya kambini, ingetengeneza vingine kwa ajili ya biro zote za Kofia. Asipovipenda, atelié ingefungwa, kwani meza na makabati ya chuma yalikuwa yanatoka Ulaya, na chuma hakiliwi na mchwa.

"Atelié ikifungwa, weye unaenda kwenye shimo," Hubert alikuwa amesema. "Ao unaenda kwenu. Bwana Delcourt njo alisema hivyo. Si mimi." Delcourt alikuwa mzungu aliyesimamia kambi.

Kwao Barthélemy hapakuwa na kitu tena. Mama yake, Annonciata, aliishi naye hapo kambini, miguu imevimba kiasi kwamba safari ya kisimani ilimshinda. Sasa bibi huyo alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, akiutazama mkono wa mwanawe. Mwishowe alimwambia Pétronille apashe maji na atie chumvi.

*

Kapita, msimamizi wa mafundi wa atelié, aliitwa Athanase, mtu mnene, mwoga kuliko umbo lake. Tangu mvua zianze, nusu ya atelié ilikuwa imejazwa saruji ya kujengea kinu kipya cha kusagia mawe, na vumbi lake lilitua juu ya kila kitu. Barthélemy alimwendea kesho yake, amejifunika koti kama mtu mwenye homa, akamwambia kwamba vernisi ya kung'arisha mbao haikubali vumbi. Kazi ya Direkta ingekuwa safi zaidi kama angeifanyia nyumbani. Athanase alifikiri, akaona kwamba kazi ikiharibika nyumbani kwa mtu lawama haitakuwa ya atelié, akakubali. Pétronille ndiye aliyeenda kubeba vifaa: tezo, patasi nne, msumeno mdogo, randa, na mbao tatu za libuyu zilizokauka vizuri, nyekundu kama udongo wa barabara.

Barthélemy alijaribu kwa mkono wa kushoto. Alijaribu siku mbili nzima. Ubao wa kwanza ulipasuka. Wa pili aliukata ukawa mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili, kama kipande cha mkate kilichokatwa na mlevi. Alipochukua wa tatu, Pétronille aliushika ncha ya pili.

"Huu hakuna mwingine," alisema.

"Minajua kama hakuna mwingine!"

"Basi nipe."

Barthélemy alimwangalia. Alijua jambo ambalo kambini hawakulijua. Pétronille alitoka Muheto, kule kwenye vilima vya Masisi, na baba yake, Kanyamibwa, alikuwa mchongaji wa vyungu vya mbao vya maziwa na viti. Mzee hakuwa na mtoto wa kiume wa kukaa naye. Kwanza binti alishika gogo lisicheze. Baadaye alishika kisu. Walipokuja watu wa posa, baba alimwambia binti asahau kisu, maana hakuna mume atakayependa kusikia habari hiyo. Barthélemy aliisikia mwaka wa pili wa ndoa, siku mkewe alipochonga mpini wa jembe bila kuuliza mtu, na mpini ulikuwa mzuri kuliko ambao yeye angechonga. Alicheka siku ile. Hawakuizungumzia tena.

"Muke na tezo," alisema Annonciata toka kitandani. "Katika nyumba ya mwanangu."

"Mama, nyumba iko ya Kofia," Pétronille alimjibu kwa upole. "Kama hatufanye kazi hii, hata ukuta wa kuegemea hautakuwa nao."

Bibi aligeukia ukutani. Barthélemy aliuachia ubao.

*

Vyombo vya kwanza walivifanya kwa fikira ya Barthélemy. Yeye alichora kwa mkaa, mke akachonga. Kwa kuwa karatasi ilisema vyenye sura ya kampuni, walichonga mlima, maji na duara juu ya kila kitu. Mlima ulisimama katikati ya chombo cha kalamu. Mlima ulisimama juu ya kibao cha kunyonyea wino. Pétronille alivichonga sawasawa, kingo zikawa kali na mistari ya maji ikapinda kama maji kweli. Lakini alipovipanga chini na kuviangalia alihisi havipendi, na hakujua kwa nini.

Hubert alijua kwa nini. Alitumwa na Bwana Delcourt aje kutazama kazi imefika wapi. Barthélemy alijilaza upesi, mkono chini ya blanketi, akasema homa imemkamata tena. Karani aliketi kwenye kiti pekee cha nyumba, akavuta vyombo mbele yake, akacheka.

"Papa Barthélemy, unatengeneza meza ya biro ao kaburi ya padri?"

Alitoa kalamu mfukoni akaiweka. Kalamu iligonga mlima, ikabiringika, ikaanguka sakafuni. Akashika kibao cha kunyonyea wino, akakibonyeza, na ncha ya mlima ikamchoma kiganja.

"Ona. Mutu wa biro anashika hii kitu mara mingapi kwa siku? Mara mia! Jioni mukono yake itakuwa na tundu." Alikigeuza kile kibao. "Sasa hii chupa ya wino. Njo adui ya karani. Mukono ikiigusa kidogo tu, imeanguka, na barua yote unaandika upya. Bwana Delcourt alinitukana mbele ya batu sababu ya chupa."

Pétronille alikuwa nyuma ya jiko, akipuliza moto.

"Na ile chupa, kaka, munaiweka upande gani?" aliuliza.

Hubert alimjibu Barthélemy. "Upande wa mukono yenye kuandika. Upande ingine utavusha kalamu juu ya karatasi, na tone litaanguka." Akasimama, akapangusa suruali yake. "Siku kumi na mbili zinabaki, Papa. Pona haraka."

Aliondoka bila kumuaga mwenye nyumba wa kike.

"Tumeharibu libuyu yote," alisema Barthélemy.

Pétronille alichukua kile kibati cha shingoni cha mumewe, kilichoning'inia kwenye msumari, akakaa nacho mlangoni penye mwanga. Alikitazama mpaka maharage yakaungua. Annonciata alipiga kelele juu ya maharage, hakusikia. Aliporudi ndani aliketi karibu na mumewe.

"Papa Valérie, sikia. Alama isikae juu ya kitu. Kitu chenyewe njo kikuwe alama."

"Unasema nini?"

"Maji iko mistari tatu. Mistari si mifereji? Kalamu inalala ndani ya mufereji, haibiringike. Sawa? Mulima: tunaupasua katikati, vibao viwili vya pembetatu vinasimama, barua zinaingia katikati yao. Na duara," aliinua kibati, "duara inashika chupa ya wino kwa shingo. Hata ukiipiga, haianguke. Kibao ya kunyonya wino na kizito zibaki laini, bila mulima. Ukiviweka vyote pamoja, unaona Kofia. Ukivitenga, kila kitu kina kazi yake."

Barthélemy alikichukua kibati. Alikitazama kama mtu anayekiona mara ya kwanza, ingawa alikuwa amekivaa miaka tisa.

"Duara ya mbao itapasuka," alisema mwishowe. "Libuyu haipindike."

"Basi tusitumie libuyu."

"Kekele," alisema Barthélemy. Aliketi, uso wake umebadilika. "Kamba ya kekele, ile ya kusukia viti. Unaichemsha, unaipinda ikiwa na moto, unaifunga mpaka ikauke. Minajua nafasi yake, nyuma ya mto. Nitakuonyesha."

"Weye ulale. Nieleze tu."

*

Mbao walizipata kwa kupasua meza yao wenyewe, ambayo Barthélemy alikuwa ameitengeneza kwa mabaki ya libuyu walipohamia kambini. Chakula wakakila sakafuni. Mume alieleza, mke akafanya. Alimwonyesha kwa kidole cha kushoto pa kuanzia msumeno, na namna ya kuiinamisha patasi ili isichimbe. Mara nyingine walibishana, kwani yeye alichonga kama mchongaji wa vyungu, akienda kwa kiganja, na mumewe alitaka apime.

"Pima!"

"Nimepima."

"Umepima na nini?"

"Na kidole."

"Kidole haiko mita, Mama Valérie."

Alipima kwa mita, ikawa sawa na kidole. Barthélemy aligeuza uso asionekane anacheka.

Weusi wa mlima ulitoka Muheto: masizi ya chungu yaliyochemshwa pamoja na maganda ya ndizi, kama baba yake alivyofanya. Wekundu wa libuyu ulijitosheleza, na kwa vumbi lake lililochemshwa waliipaka rangi kekele ya duara. Siku ya tano Annonciata aligeuka kutoka ukutani, akamwambia mkwewe kwamba anapitisha msasa vibaya, kinyume cha nyuzi za mti. Akaomba yale majani makavu ya msasa. Akaanza kusugua vibao juu ya mapaja yake yaliyovimba, huku akinung'unika kwamba mambo haya Mungu hayapendi.

Jambo la mkono wa kushoto lilizuka pale walipotaka kufunga duara la wino. Barthélemy alisema liwekwe kuume.

"Direkta anaandika na kushoto," alisema Pétronille.

"Nani alikuambia?"

"Mashati yake."

Pétronille alikuwa dobi wa nyumba ya wageni ya kampuni. Mwaka uliopita Direkta alilala pale siku nne, na yeye akafua mashati manne. Mikono yote minne ya kushoto ilikuwa na wino pembeni, mahali ambapo nguo inaburuta juu ya maandishi. Mikono ya kuume ilikuwa safi.

"Mama Valérie, sijaona muzungu anaandika na kushoto. Shuleni banabapiga."

"Mimi sikumuona anaandika. Nimeona shati."

"Na kama unadanganyika? Atasema tunamuchekelea!"

Pétronille alifikiri. Kisha akatoboa matundu mawili kwenye ubao wa mifereji, moja kila upande, na chini ya duara akaweka kijiti cha kuingia humo. Duara likachomekwa kushoto. Asiyependa angelichomoa alipeleke kuume.

Athanase aliwakuta siku hiyo hiyo. Aliingia bila kubisha, kama makapita walivyozoea, akamkuta mwanamke amekaa chini, tezo mkononi, na fundi amelala, mkono uko nje ya blanketi. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, na kitambaa kilikuwa na majimaji ya njano. Harufu ilijaza chumba.

"Yesu," alisema Athanase. Alitazama mlangoni, akamtazama Barthélemy, akatazama vyombo. Alivitazama vyombo muda mrefu zaidi. "Mimi sikuingia hapa," alisema.

"Asante, Kapita."

"Sikuingia. Nilipita inje, nikasikia fundi anafanya kazi." Akanyoosha kidole kwenye uzio wa kuku. "Ule jogoo iko wa nani?"

Jogoo alikuwa wa Annonciata. Bibi mwenyewe ndiye aliyemfunga miguu na kumkabidhi, macho yakiwa pengine.

*

Direkta alifika Alhamisi na malori mawili. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kukohoa. Vyombo vilipangwa kwenye meza ya baraza ya biro: mlima mweusi, mbele yake maji, na pembeni duara jekundu limeshika chupa. Pétronille alikuwepo, kwa kuwa aliagizwa kuleta vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi kwa ajili ya vinywaji. Alisimama nyuma na vitambaa vyake, karibu na mpishi. Barthélemy alisimama chini ya ngazi pamoja na Athanase. Alikuwa amevaa koti, mkono wa kuume uko mfukoni, na jasho lilimtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Direkta aliketi. Alitelezesha kidole kwenye mifereji. Alichomeka barua kati ya vibao vya mlima, akaichomoa, akaichomeka tena. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaichovya kwenye wino ulio kushoto, akaandika kitu. Aligonga chupa makusudi kwa kiwiko, na chupa haikutikisika.

Alicheka mpaka akakohoa. Akasema maneno ya Kifaransa, na Bwana Delcourt akawa mwekundu shingoni.

"Direkta anauliza," Hubert alitafsiri, "nani alimuambia fundi kama anaandika na kushoto. Anasema Bwana Delcourt anapata barua zake miaka ine na hajue."

Barthélemy aliitwa apande. Alipanda ngazi tatu, akasimama mbele ya meza.

"Toa mukono mufukoni!" alifoka Bwana Delcourt. "Unasimama mbele ya Direkta namna gani?"

Barthélemy hakuutoa.

"Toa!"

Ilibidi autoe kwa msaada wa ule wa kushoto, kama mtu anayetoa mtoto majini. Kitambaa kilinasa mfukoni, kikabaki humo. Mpishi aliyekuwa na sinia alirudi nyuma hatua moja. Gumba lilikuwa jeusi.

Direkta aliuliza, Hubert akatafsiri kwa sauti ndogo: "Ni tangu lini?"

"Majuma matatu inaenda kutimia."

"Basi hii kazi umeifanya na mukono gani?"

Athanase alikuwa akimkazia macho kutoka chini ya ngazi. Barthélemy angeweza kusema kushoto. Direkta mwenyewe alikuwa mtu wa kushoto. Angelipenda neno hilo, na huenda mambo yangekwenda vingine. Pétronille, aliyesimama na vitambaa vyake, alimwomba Mungu amtie mumewe neno hilo kinywani.

"Mikono si yangu," alisema Barthélemy. "Mimi nilisema tu namna ya kukata. Mwenye kutengeneza na mwenye kuwaza iko Mama Valérie. Ule pale."

Watu wote wakamgeukia. Pétronille alitafuta pa kuweka vitambaa, hakupata, akabaki navyo.

"Ulijuaje?" Hubert alimuuliza kwa niaba ya Direkta, na hii ilikuwa mara ya kwanza karani kumtazama usoni.

"Mashati, Bwana. Mukono wa kushoto njo wenye wino."

Wazungu walicheka, hata Bwana Delcourt. Direkta alisema maneno mengi, na Hubert akayafanya machache: "Anasema kazi iko nzuri sana. Anasema muume aende hospitali leo leo."

"Na atelié?" aliuliza Pétronille.

Hilo Hubert hakulitafsiri.

*

Hospitali walikata gumba, na daktari akasema kwamba siku mbili zaidi mkono wote ungeondoka. Barthélemy alilala majuma saba. Katika muda huo Direkta alimtumia Pétronille zawadi, mablanketi mawili na bati la biskuti, na Hubert akaja na rula na karatasi kuchora vyombo, kila kimoja kwa vipimo vyake, kabla havijapakiwa kwenda Bukavu.

"Usisahau matundu iko mawili," Pétronille alimwambia. "Duara inahama."

"Nitaandika, dada."

Barua ya Barthélemy ilipotoka, Pétronille alivaa nguo ya kanisani akaenda biro kuomba kazi ya mumewe apewe yeye. Alisubiri tangu asubuhi hadi jua la saa nane. Bwana Delcourt alimsikiliza, hakumfukuza. Alifungua daftari kubwa la wafanyakazi, akaligeuza ili mwanamke alione.

"Seremala, seremala, mupasuaji," alisoma, akifuata kwa kidole. "Wote wanaume. Weye nikuandike wapi?"

"Chini yao, Bwana. Nafasi iko."

Bwana Delcourt alilifunga daftari. Alisema udobi wake pia umekwisha, kwani kazi hiyo ni ya wake wa kambini, na yeye hatakuwa wa kambini tena.

Athanase alikuja kukabidhiwa nyumba. Alikagua kitanda, taa na ufunguo. Kisha akahesabu vifaa, akageuza kila kimoja kuona chapa ya Kofia kwenye chuma: tezo, patasi nne, msumeno, randa. Alipofika kwenye kisu kidogo ambacho Pétronille alikuwa amejinolea mwenyewe kutoka kipande cha msumeno uliovunjika, alisita.

"Msumeno ulikuwa wa kampuni," alisema, akakitia ndani ya gunia.

*

Walikwenda Hombo, kwenye barabara ya Bukavu, ambako Straton, binamu wa Barthélemy, aliuza chai kwa madereva wa malori. Aliwapa chumba kimoja nyuma, penye moshi. Barthélemy alipata kibarua cha kulinda mizigo. Pétronille aliosha vikombe, na alipomaliza alitengeneza viti vya Straton vilivyolegea miguu, kwa kisu cha kumenyea ndizi. Wenye maduka walianza kuuliza nani ametengeneza viti. Straton alijibu ni Barthélemy, kwa nia njema. Mtu mmoja akaagiza rafu za duka, Barthélemy akaenda mwenyewe kumwambia kwamba atakayezifanya ni mkewe, na yule mtu akasema atafikiri. Hakurudi.

Mwezi wa sita tangu wafike, Hubert alishuka kwenye lori linaloelekea Bukavu. Alikunywa chai kwa haraka, huku akisimulia. Vyombo vilikuwa vimefika kutoka Ulaya, seti hamsini, vya chuma kilichopakwa rangi nyeusi na nyekundu. Mlima ule ule, mifereji ile ile. Lakini duara lilikuwa limeunganishwa kwa moto, na katika seti zote hamsini lilikuwa kushoto.

"Sasa biro muzima tunavusha kalamu juu ya karatasi," alisema Hubert. "Matone kila pahali. Niliandika matundu mawili, dada, naapa. Kule hawakusoma."

Pétronille alicheka. Alicheka mpaka akashika kizingiti, na Barthélemy naye akacheka, na Hubert, ambaye mkono wake wa shati ulikuwa na doa, akacheka pia kabla ya honi kumwita. Kicheko kilipokwisha, Pétronille alirudi kwenye vikombe. Alikuwa anasugua kikombe kimoja muda mrefu kuliko kilivyokuwa na uchafu.

Annonciata alikuwa ameketi mlangoni, miguu juu ya gunia. Aliomba apewe furushi lake. Alilifungua, akatoa mapete mawili mazito ya shaba, yale ya miguuni aliyovishwa siku alipoolewa, na ambayo uvimbe ulikuwa umemlazimisha kuyavua.

"Mufuzi wa kule kwa daraja anapenda shaba," alisema. "Muende. Mukamate tezo."

"Mama, hizi iko za ndoa yako."

"Na miguu yangu iko wapi ya kuzivaa? Muende, kabla sijabadilisha roho."

Walikwenda wote wawili, alasiri ile ile. Mfua chuma alikuwa na matezo matatu kwenye mkeka. Aliyapima mapete mkononi, akaridhika, akachagua tezo moja, akampa Barthélemy. Barthélemy alilipokea kwa mkono wa kushoto, akampa mkewe.

Pétronille aliliinua usawa wa jicho. Alipitisha kidole kwenye makali, akaokota kipande cha kuni, akachonga mara mbili, akatazama alama iliyobaki.

"Hii imeinama upande moja," alisema. "Nipe ile ya katikati."

Mfua chuma alimtazama mwanamume. Barthélemy alikuwa amechuchumaa pembeni, akimchagulia mkewe kuni nyingine ya kujaribia, isiyo na fundo. Mfua chuma akangoja kidogo, akaona hatajibiwa, akainama kuchukua lile la katikati.